Choo Chenye Zulia

Mie nikisema Ulaya kuchafu, watu hunicheka. Hunicheka dukani kwangu Hamriya, hapa Maskati, hunicheka kwenye harusi, na wanaonicheka zaidi ni vijana waliokwenda huko wiki moja wakapigwa picha na njiwa uwanjani. "Bi mkubwa, wewe ulikwenda Ulaya gani?" Nilikwenda Ulaya ya ndani ya nyumba za watu. Nililala humo, nikapika humo, nikaingia choo cha humo. Na njiwa sikupiga picha.

Sikusoma, na hilo silifichi. Unguja nilikaa chuoni kwa mwalimu wa Kurani mpaka nikahitimu, lakini skuli niliingia madarasa mawili tu, mama akaugua, nikatolewa nije kulea wadogo zangu. Nilitolewa jedwali la kuzidisha kwa tatu liko mdomoni, la nne sijalifikia. Nilipofika Maskati, mwanzoni mwa miaka ya sabini, sikuwa na kitu isipokuwa mume mgonjwa na mkono wa kupika vileja, vile vibiskuti vya kwetu. Basi nikapika vileja. Nikauza kwa majirani, kisha kwenye maofisi, kisha nikanunua cherehani, kisha nyingine, mpaka nikafungua duka la kushona nguo za kike Hamriya. Mafundi Wahindi, mkasi mkubwa wangu mwenyewe. Mume alifariki duka halijatimiza mwaka.

Nyumba yangu ya mtaa wa Ansab nimeijenga mie. Fundi alipofika kwenye vyoo nilimsimamia kichwani. Sakafu iwe ya vigae, iteremke kidogo kuelekea pembeni, na pale pembeni pawe na tundu la maji lenye kifuniko cha chuma. Kila Ijumaa asubuhi, kabla watu hawajaanza kuoga kwenda msikitini, huviosha vyoo vyangu kwa mkono wangu. Nna mtumishi, lakini vyoo simwachii. Namwaga ndoo ya maji ya sabuni, nasugua kwa ufagio wa chelewa, namwaga ndoo nyingine na nyingine, maji yanakimbilia tunduni, namalizia kwa mpira wa kusukumia maji. Nikitoka hapo ndiyo nnajiona nimeingia Ijumaa.

Mtoto wangu wa mwisho, binti, ndiye aliyejaaliwa kichwa. Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha alipomaliza skuli, na serikali ikampa masomo ya nje, akasomee udaktari wa meno Uingereza. Nilifurahi nikapika pilau la mtaa mzima. Kaka yangu mkubwa hakufurahi. Tangu mume wangu afariki, yeye ndiye mwenye kauli juu ya watoto wangu, au ndivyo anavyojiona. Akaja Ansab na bakora yake, akaketi, kahawa hakuigusa.

"Msichana peke yake Ulaya? Haendi."

"Anakwenda."

"Atakaa kwa nani?"

"Kwenye nyumba ya mwanamke mtu mzima. Hamna mwanamme humo."

"Nani kaiona hiyo nyumba?"

"Mie ntakwenda kuiona. Ntakaa naye mpaka azoee."

Akaigonga bakora chini. "Basi nisikilize, wewe mwanamke. Ikiwa si nyumba ya mwanamke, au akitoka humo akaingia kwenye mabweni ya wavulana, unarudi naye. Hamna kesho wala kesho kutwa. Mbele ya Mungu?"

"Mbele ya Mungu," nikasema, nikampa mkono.

Nilijua nnampa nini. Kaka yangu si mtu wa kusahau. Lakini nilisema moyoni, huyu mtoto hatolewi skuli kama nilivyotolewa mie, hata ikiwa itabidi nikae huko nimlinde kwa macho.

Mji wenyewe ni wa kaskazini ya Uingereza. Nyumba za matofali mekundu zimebanana mpaka mwisho wa njia, na mvua yao si mvua, ni manyunyu ya kumuudhi mtu tu. Mwenye nyumba alikuwa kizee cha Kizungu, mjane kama mie, mrefu na mwembamba, anaishi chini na mbwa mdogo mweupe mwenye tongotongo. Chumba chetu kilikuwa juu. Alitupokea vizuri, siwezi kusema uongo. Alinishika mkono akatabasamu, na mkono ule ule alikuwa anampangusia mbwa macho.

Nikauliza choo. Nikaoneshwa. Nikafungua mlango, nikaufunga, nikadhani nimeingia chumba cha kulala cha mtu. Nikaufungua tena. Chini zulia. Zulia la manyoya, rangi ya waridi, ukuta kwa ukuta, limekatwa likalizunguka bakuli la choo likashikana nalo kama kola inavyoshika shingo. Hata kifuniko cha choo kimevishwa kofia ya manyoya hayo hayo.

"Mama, usianze," binti akaniambia kwa nyuma.

"Sijasema kitu."

"Pua yako imesema."

"Maji ya kuchambia yako wapi?"

"Wanatumia karatasi."

"Karatasi nimeiona. Baada ya karatasi?"

"Baada ya karatasi wanavaa nguo, Mama."

Nikashika kizingiti. Nilikuwa nimekaa kwenye ndege masaa mangapi sijui, nimevaa soksi mbili mbili, na sasa naambiwa hivi. "Na hili zulia, likirukiwa na matone?"

"Hamna mwanamme humu. Si ndivyo ulivyotaka?"

"Hata bila ya mwanamme! Linaoshwa vipi?"

Jibu alilijua kama mie. Haliwezi kuoshwa. Lilikuwa zulia la miaka, na mtu hakuhitaji kuinama ili alisikie harufu.

Siku ya pili nilimburura mpaka madukani tutafute kopo. Mji mzima hauna kopo la chooni. Mwisho, kwenye duka la mbegu na majembe, nikaliona dude la plastiki la kumwagilia bustani, la kijani, lina mkono na mdomo mrefu. Nikasema hili hili. Nikalitia maji nikaliweka chooni kando ya bakuli. Kizee akaliona, akamuuliza binti mama anamwagilia nini. Binti, kwa haya zake, akasema mama anapenda maua. Jioni ile kizee akapanda ngazi na chungu cha ua, akakiweka chooni dirishani, akanipigapiga begani. Sasa choo kina zulia na bustani.

Hayo ya choo ni moja. Jikoni ndiko kulikonitoa hamu ya kula. Nilimtazama akiosha vyombo. Alijaza beseni maji ya moto na povu, akatia bilauri, akatia sahani, akatia sufuria, akatia na bakuli la mbwa, vyote pamoja kama watu harusini. Kisha akavitoa kimoja kimoja, povu linateremka, akavifuta kwa kitambaa na kuviweka kabatini.

"Hajasuuza," nikamwambia binti.

"Nimeona."

"Mwambie hajasuuza."

"Mama, siwezi kumwambia mtu hivyo nyumbani kwake."

Nikaenda mwenyewe. Nikatoa bilauri kabatini, nikafungua mfereji, nikaisuuza mara tatu mbele ya macho yake, nikamwonesha. Kizee akacheka, akasema maneno.

"Kasema nini?"

"Kasema wewe ni msafi sana."

"Hakusema hivyo. Yule kacheka kwa upande mmoja wa mdomo."

"Kasema utamaliza maji ya mji."

Nikanunua sufuria yetu, sahani zetu, vikombe vyetu, nikaviweka ndani ya sanduku chini ya kitanda. Nilikuwa napika, tunakula, naosha, nafungia. Na hata kunawa uso kwao ni adhabu. Mfereji mmoja unatoa maji ya kuunguza, wa pili unatoa barafu. Ukitaka ya vuguvugu yabidi uzibe tundu uyachanganye ndani ya beseni, kisha unawe uso kwa maji uliyokwishanawia mikono. Nikawa natia udhu kwa lile kopo la kijani, naapa.

Kizee naye alikuwa na yake. Nilikuwa nimekuja na papa mkavu sandukuni, nimemnunua sokoni Mutrah kwa kumchagua mwenyewe. Siku nilipomkaanga kwa kitunguu na ndimu, kizee alifungua madirisha yote ya nyumba, na baridi ile, akafua mapazia. Siku nyingine nilimkuta kwenye ngazi ameshika pembe ya kanga yangu niliyoianika, anainusa kwa ncha ya pua, na uso umemkunjamana vile vile kama wangu nikiwa chooni kwake. Nilighadhibika! Mie ninayeoga asubuhi na jioni! Yeye anayejilaza kwenye beseni la kuogea akakaa ndani ya taka zake, kisha akatoka bila ya kujimwagia hata kata moja ya maji safi, ndiye wa kunikirihi mie?

Lakini kizee alikuwa kizee wa watu, nyumba ni yake, na choo ni chake. Kilichonichoma ni mtoto.

Siku za mwanzo alikuwa na khofu, anashika buibui langu njiani kama mdogo. Masomo yalipoanza akabadilika. Anarudi jioni macho yamemtoka, ananieleza habari za magego na fizi, ananifungua mdomo anitazame, na mie namwacha, moyo umejaa. Hapo nilikuwa namsamehe yote. Kisha namwona anapanda kitandani na viatu.

"Viatu!"

"Nimechoka, Mama."

"Viatu vimekanyaga mavi ya mbwa ya mji mzima!"

"Nimevifuta mlangoni."

Kuvifuta! Nikavivua mwenyewe nikavitupa nje ya mlango. Siku nyingine namwona njiani, anatembea huku anakula viazi kwenye karatasi, na mkono ule hajaunawa tangu asubuhi. Nikasema moyoni, huyu anakwenda kutia vidole kwenye vinywa vya watu hawa maisha yake yote, na sasa anaanza kufanana nao.

Kisha siku moja nikaingia chooni, nikalinyanyua kopo la kijani. Jepesi. Kavu. Asubuhi sikulijaza kwa makusudi, kwa sababu nilikuwa na shaka yangu, na hakuna aliyelijaza. Nikatoka nalo nikamtikisia mbele ya uso.

"Hili limekauka."

"Nimeliona."

"Sasa?"

"Sasa nini, Mama? Mie si mtoto mchanga. Niachie japo hilo."

Sikulala vizuri. Sikumpiga, ameshavuka kupigwa. Nilijisemea kosa si lake, kosa ni la kile choo. Nani atataka kujimwagia maji juu ya zulia? Maji yakidondoka yananuka wiki nzima. Choo chenyewe kinamkataza mtu kuwa twahara. Na siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa.

Binti akaenda zake chuoni kwao. Chini nikasikia kizee anapanga vikombe, alikuwa na wageni, wazee wenzake wa kike wanakuja kunywa chai. Mie nikajifunga kanga mbili, moja kiunoni moja kifuani, nikaingia kazini.

Zulia halikupigiliwa, lilikuwa limebanwa pembeni tu. Nikalishika pembe nikalikunja. Yaliyokuwa chini yake sitayasema yote, watu wanakula. Nywele zilizogandana na vumbi, na duara jeusi kulizunguka bakuli, na harufu ikanipanda mpaka utosini. Nikalikunja kama mkeka, nikafungua dirisha, nikalitupa uani.

Kisha nikamwaga ndoo ya kwanza. Maji ya moto, sabuni ya unga, na dawa ya kuulia vijidudu niliyoikuta chini ya sinki. Nikasugua nikiimba kaswida. Nikatafuta tundu. Pembe hii hamna, pembe ile hamna. Nikasimama kutazama maji yanaelekea wapi. Yakasimama, kisha yakaanza kupungua polepole, yanatitia. Nikasema alhamdulillahi, tundu lipo, wamelificha tu chini ya ubao. Nikamwaga ndoo ya pili. Hiyo nayo ikatitia, tena kwa haraka kuliko ya kwanza. Nikafurahi, nikamwaga ya tatu.

Ndipo niliposikia ukelele.

Sakafu ile ilikuwa ya mbao, na chini ya mbao ndiyo dari ya jikoni. Niliposhuka, dari ilikuwa imefura kama tumbo, na pande moja limekwishaporomoka juu ya meza, juu ya keki, juu ya vikombe. Maji yanateremka na waya wa taa. Wazee wawili wamesimama ukutani na visahani mkononi. Mbwa kalowa, anajikung'uta, na maji ya chooni yanawarukia watu wote.

Kizee alinitazama. Kisha akatazama dirishani, akaliona zulia lake limelala kwenye matope. Akafungua mdomo. Alisema mengi, na mie nikasema mengi. Nikamshika mkono nikampandisha juu, nikamwonesha sakafu: tundu liko wapi? Nyumba gani inajengwa choo bila ya tundu la maji? Yeye ananionesha chini, mie namwonesha pembeni, kila mtu kwa lugha yake, na nadhani tulifahamiana.

Mpaka leo sisemi kwamba nilikosa. Aliyejenga choo juu ya mbao akakifunika kwa manyoya, huyo ndiye wa kuulizwa.

Binti aliporudi kizee alikuwa anamngojea mlangoni. Walizungumza kwa sauti ya chini. Kisha binti akaenda kwenye simu iliyokuwa chini ya ngazi, akapiga, akangoja, akazungumza, akapiga pengine. Alipopanda juu alisimama kizingitini.

"Anataka tutoke. Kabla ya Jumatatu."

"Tutoke! Tutapata nyumba nyingine. Yenye tundu."

"Hakuna, Mama. Nimewapigia ofisi ya chuo. Nyumba za wanawake zote zimejaa tangu mwezi uliopita. Kimebaki chumba bwenini."

"Bweni la wasichana?"

Akageukia dirisha.

"Sema."

"La wote. Wavulana na wasichana, ukumbi mmoja, choo kimoja."

Nikavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Nikaanza kutoa sufuria nitie nguo. Mikono ilikuwa inafanya kazi peke yake.

"Unafanya nini?"

"Tunarudi Maskati. Nimempa mjomba wako mkono."

"Mama, mie sirudi."

"Nimempa mkono mbele ya Mungu!"

"Ulimpa mkono, kisha ukamwaga maji!"

Hajapata kunipigia kelele maisha yake. Sauti ikabaki chumbani kama moshi. Nikakaa kitandani. Yeye akavua viatu, naam, akavivua, akaviweka mlangoni, akashuka chini peku.

Nikamfuata mpaka katikati ya ngazi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Wageni wamekwishaondoka. Kizee amekaa mezani, juu yake tundu la dari, mbwa yuko mapajani kafungwa taulo. Binti hakuomba kitu. Alichukua kitambaa, akapiga magoti, akaanza kukausha sakafu. Akazoa chokaa kwa mikono. Akafuta meza. Akafuta miguu ya viti. Mtoto wangu ambaye nyumbani hata kikombe chake anaondolewa.

Kizee alimwacha afanye muda mrefu. Kisha akasema neno, akamwekea kiti. Wakaongea. Mwisho kizee akainuka akachemsha maji, akatoa kikombe kabatini, akamimina chai na maziwa, akamsogezea.

Kikombe kile mie nilikijua. Kilikuwa cha maua ya buluu, mpini umepasuka kidogo, na asubuhi ile ile nilikiona kikitoka kwenye beseni pamoja na bakuli la mbwa. Nikasema sasa atakisukuma, atasema amefunga, atasema lolote.

Akakishika kwa mikono miwili. Akanywa. Hakukunja uso. Akanywa mpaka chini, na mbwa akanyoosha kichwa kutoka kwenye taulo akamlamba kifundo cha mkono, na mkono hakuuondoa.

Nikarudi chumbani nikakaa mbele ya sanduku. Baada ya muda akaingia.

"Kakubali," akasema.

"Kakubali nini?"

"Nikae. Mpaka nimalize masomo, nikitaka."

"Alhamdulillahi rabbil alamin."

"Lakini wewe uondoke. Ndege ya mwanzo utakayopata."

"Kasema yeye?"

"Kasema yeye." Akatazama chini. "Na mie nimemwambia ndiyo."

Nikakunja kanga moja, nikaikunjua, nikaikunja tena. "Chai umekunywa."

"Umeniona?"

"Nimekuona. Ilikuwaje?"

"Inanuka sabuni," akasema, sijui kwa kucheka au kwa kulia.

"Haya nenda kasukutue. Na mkono uuoshe."

"Mkono ntauosha. Kusukutua sisukutui, Mama. Nikisukutua leo, ntasukutua kila siku miaka mitano, na siku moja ntachoka ntarudi nyumbani."

Ndivyo alivyoniambia. Na nilikirihika, nisifiche, nilimtazama mdomo wake nikakirihika. Lakini nikaifunga ile kanga nikaitia sandukuni. Sufuria, sahani na vikombe nikavirudisha chini ya kitanda, upande wake.

Asubuhi nilipoondoka, zulia lilikuwa limeanikwa kwenye kamba uani, linadondosha matope. Kizee alikuwa analipiga kwa fimbo ili alirudishe mahala pake. Tulitazamana juu ya kamba. Hatukupeana mikono. Kabla ya kutoka nilikuwa nimelijaza kopo la kijani mpaka juu nikaliweka kando ya kitanda cha mtoto, nikamwambia hili si la kizee, wala si la chuo, hili ni la mamako. Akacheka, akanikumbatia, na nywele zake zilikuwa zinanuka mafuta ya kukaangia ya mji ule.

Kaka yangu alikuja Ansab siku ile ile niliyotua. Nilikuwa nimekwishaoga mara mbili na maji bado hayajanitosha. Akaketi, bakora kati ya magoti.

"Nyumba ya mwanamke?"

"Ya mwanamke. Kizee, mjane."

"Hamna mwanamme?"

"Hata mbwa ni jike."

"Mbona umerudi mapema?"

"Mtoto kazoea."

Akanitazama sana. Yeye ananijua, na mie najua anavyouliza. Swali lake kubwa huliweka mwisho.

"Na usafi wao?"

Hapo nilishikwa. Nikimwambia ya kikombe, mtoto anarudi. Nikimwambia mbwa alivyomlamba, mtoto anarudi kesho. Na uongo sikuzoea, mdomo wangu haujui njia zake. Nikamwambia kitu cha kweli kilichokuwa karibu.

"Choo kina zulia."

"Zulia? Chooni?"

"Ukuta kwa ukuta. La manyoya. Na kifuniko kina kofia yake."

Akaegemea nyuma. Bakora ikalala pajani. "Mashallah," akasema. "Watu wanaishi!"

"Wanaishi," nikasema, nikainuka kwenda kumtilia kahawa, nisije nikatapika mbele yake.

Basi kaka yangu akaieneza. Msikitini, sokoni Mawaleh akichagua maembe, kila mahala ni "mpwa wangu huko aliko, chooni wanakanyaga zulia." Suala la kumrudisha halikurudi tena mdomoni mwake. Kabla ya Ramadhani mkewe akanijia dukani, akaniinamia mezani kwa siri.

"Wifi, nishonee la chooni. La waridi. Na kofia ya kifuniko."

"Mie sishoni."

"Kwani mwanao anakanyaga zulia, sie tukose?"

"Kwako una tundu la maji pembeni?"

"Nnalo."

"Basi kaa na tundu lako umshukuru Mungu." Nikampimia kitambaa cha kushonea mito, akaenda zake amenuna.

Mwanangu alimaliza. Sasa ana watu wake wanaomngojea na mashavu yaliyofura, na mie mwenyewe kanitoa magego mawili. Lakini nnaikumbuka likizo yake ya kwanza aliporudi nyumbani. Aliingia chooni nikamsikia anamwaga maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka nikatabasamu peke yangu nikiwa jikoni. Akatoka, nywele zinadondoka, akanywa maji, akaiosha bilauri kwa sabuni, akaiweka na povu lake juu ya meza.

Nikaichukua, nikafungua mfereji.

"Mama, hiyo safi."

"Kwa kizee chako," nikamwambia, nikaisuuza mara tatu.